Uhakiki

Kila Machi nashuka mjini na bahasha ya kaki
kwenda kuthibitisha kwamba sijafa.
Binti wa dirisha la tatu hunitazama, huitazama picha,
hutaka kidole gumba cha kulia, kisha cha kushoto,
maana miaka thelathini ya kuhesabu noti za wengine
imenifuta alama.
"Umepita, baba."
Nami hushusha pumzi kama mtoto aliyefaulu.

Mimi ni Lushinge, karani wa malipo
wa kiwanda cha pamba ambacho sasa kinafugia popo.
Kila mwisho wa mwezi nilikatwa fungu, mwajiri akaongeza lake,
na leo mfuko hunitumia kiasi kidogo:
chatosha unga, sukari, dawa ya presha,
hakitoshi bati. Lakini hufika.
Neno hilo, hufika, ndilo mto wangu wa kulalia.

Jirani yangu hapa Igombe ni Holo binti Maduhu.
Ameanika dagaa tangu mimi nina nywele.
Hakuna dirisha linalomuuliza kama yu hai.
Sisi wa leja tunakiita kiinua mgongo;
wake ulipinda juu ya chanja
na hakuja mtu kuuinua.

Siku moja nilimshauri, kwa ujuaji wa ofisini:
"Ungeweka akiba kila mwisho wa mwezi, Holo."
Alicheka hadi akakaa mchangani.
"Mwezi upi, karani? Huo wako wa ukutani
au huu wangu wa juu?"

Kweli. Mwezi ukipevuka, taa za wavuvi hazimdanganyi dagaa,
mitumbwi hulala kifudifudi,
na daftari la muuza unga hunenepa.
Giza likirudi, pesa hurudi na shombo lake.
Nani alitunga sheria ya michango
bila kujua kwamba kuna miezi miwili?

Tangu hapo nimefukua leja ya zamani,
naandika katika kurasa zilizosalia.
Mchango ufuate giza: kitu kidogo kwa kila ndoo ipimwayo mwaloni,
mnunuzi atoe, mwenye mtumbwi atoe,
msaga chakula cha kuku naye atoe,
wote wameula mgongo uleule.
Kwenye mbalamwezi Holo asidaiwe.
Na chini ya vyote serikali imwage sakafu,
awe na barua ya ajira au hana,
mzee asianguke chini ya hapo.

Mjukuu wangu Sayi, mwezi wa nne kazini,
alisoma juu ya bega langu.
"Na anayejaza ni nani, babu?
Nyinyi ni wengi, na siku hizi mnaishi sana."
Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hati ya mshahara,
kidole kimekwama kwenye mstari wa makato.
Nilitafuta methali, zikagoma.

"Unazikumbuka nyavu zilizochomwa ufukweni?
Zenye matundu ya kuvua hata vitoto vya sangara?
Mfuko nao una matundu.
Tukiyabana mno, tunaivua kesho yako.
Tukiyapanua mno, Holo analala njaa leo."
"Sasa upana gani?"

Niliandika tarakimu. Nikafuta. Nikaandika.
Hesabu hii haifai kufanywa na mtu mmoja,
wala usiku,
wala karibu na uchaguzi.

Jana mwezi ulikuwa mzima, mweupe, hauna faida.
Holo alikuja kukopa unga. Nikampimia,
kisha nikafungua kidau changu cha wino wa mhuri.
"Kidole gumba."
"Cha nini tena?"
"Nipe tu."
Magamba na jua vimekilamba: doa jeusi, halina mstari hata mmoja,
pacha wa langu.
Pembeni nikaandika kwa mwandiko wa kikarani:
Yu hai.

Machi ijayo karatasi hiyo itakuwa ndani ya bahasha.
Nitasimama pale dirisha la tatu, foleni inung'unike,
mpaka binti aulize ni ya nani.